Mwache Alale

12 Machi

Shemeji,

Salamu kutoka huku. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Shangazi yenu naye hajambo; ameng'oa jino lake la mwisho la mbele na bado anacheka mdomo wazi. Anakusalimu. Nimeona nianze kwa salamu kama watu, ingawa sikukaa kwenye kiti hiki kwa ajili ya salamu.

Naandika kwa sababu ya hereni. Unazijua: zile fuksia za dada yako, ambazo hakupata hata siku moja kuziita fuksia, kwa vile maua yake yananing'inia kama hereni masikioni. Zimejaa baraza la nyuma, nyingine kwenye vyungu, mbili kwenye vikapu juu ya mlango. Tangu tumzike nimezimwagia maji asubuhi na jioni bila kukosa, na malipo yake ni kwamba zinageuka njano na kulegea. Mimi ni fundi mizani, shemeji. Nimetumia maisha yangu kutengeneza mizani za wauza nyama na wauza sukari. Mwenyewe hakuniruhusu kugusa hata jani. Alisema nina mikono ya chuma. Wewe ndiye uliyekua nazo pamoja naye nyumbani kwa mama yenu. Niambie la kufanya. Sitaki isemwe kwamba alizikuza na mimi nikaziua.

Lipo jambo la pili, nalo nikishaliuliza leo sitaliuliza tena. Siku ile ile alipoondoka nilikuandikia kwenye simu. Ukanijibu: "Afadhali. Mwache alale, msimwamshe." Halafu hukuja kuzika. Watu waliniuliza mdogo wake yuko wapi, nikasema safari ni ndefu. Nilisema hivyo kukusitiri, lakini mimi mwenyewe hakuna aliyenisitiri na maneno yale. Kwa nini hukuja?

Shemeji yako.


2 Aprili

Shemeji Mizani,

Nimeipata barua yako. Ilikaa siku kadhaa kwa mlinzi wa hoteli kwa sababu jina langu hulijui vizuri mpaka leo, umeniandika "Shemeji, Chumba cha Pasi". Bahati nzuri wapiga pasi hapa tuko wachache na shemeji wa mtu ni mimi tu. Mwambie shangazi jino likitoka ni nafasi ya uji. Mimi sijambo. Joto la huku linaanza kabla jua halijatoka, na mimi kazi yangu ni kuliongeza kwa mvuke. Mashuka ya wageni hayaishi.

Sasa hereni. Unazizamisha, shemeji. Wala si kwamba zina kiu. Miguu yake imo majini na zinashindwa kupumua. Toa visahani vyote chini ya vyungu. Usimwagilie kwa saa, mwagilia kwa haja: shika chungu ukinyanyue. Kikiwa kizito, kiache. Kikiwa chepesi, kipe maji mpaka yatokee chini, halafu ukiache tena. Zisogeze upande ambao jua la asubuhi linafika na la mchana halifiki. Zinapenda kivuli na ubaridi, kama dada mwenyewe. Kisha geuza majani uangalie kwa chini. Ukiona vijinzi vyeupe vinaruka kama unga, chukua maji ya sabuni na kitambaa, uyafute moja moja. Ndiyo, moja moja. Una kazi gani nyingine jioni?

Samahani kwa hilo la mwisho. Nimeliandika nikaona ni kali, lakini sina karatasi ya kuchezea.

Kuhusu jambo la pili, umesema hutaliuliza tena. Ahsante.

Na usinipigie simu, tafadhali, tuandikiane. Nikisikia sauti yako nitakuwa nasikiliza nyuma yake, nisikie kama yeye yupo jikoni.

Shemeji yako.


27 Aprili

Shemeji,

Salamu. Shangazi kapokea habari za uji kwa matusi mawili matatu, kwa hiyo jua yu mzima. Goti liko vile vile.

Nimefanya ulivyosema, ila kunyanyua kwa mkono si kipimo. Mkono wa asubuhi si mkono wa jioni. Nimeleta barazani mizani ya sahani kutoka karakana, nimepima kila chungu kikiwa kimeshiba na kikiwa na kiu, nikachora alama ya chaki ubavuni. Sasa kila asubuhi hupandishwa mizani kimoja kimoja kama watoto kliniki. Jirani yangu, yule mpishi wa shule, alichungulia juu ya ukuta akaniuliza nauza kilo kwa bei gani. Nilimwambia bidhaa hii haiuzwi. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akanipitishia sahani ya chakula. Watu wamekuwa wakinipitishia sahani juu ya ukuta tangu Februari. Nikizirudisha tupu wananitazama usoni kuona kama ndimi niliyekula.

Inzi walikuwepo. Niliwafuta jani kwa jani. Umeuliza nina kazi gani nyingine jioni; jibu ni kwamba sina. Nilikuwa nadhani nyumba hii ina kelele, kumbe kelele ilikuwa mtu mmoja. Nakunywa chai nimesimama. Nikikaa mezani, kikombe chake kinanitazama, na kukiondoa siwezi.

Zimeacha kugeuka njano. Moja imetoa ua, jekundu kwa nje na zambarau kwa ndani. Nililitazama mpaka chai ikapoa, nikakosa wa kumwambia.

Nimetimiza ahadi, sijauliza.

Shemeji yako.


20 Mei

Shemeji Mizani,

Niliposoma habari ya mizani nilicheka mbele ya msimamizi, nikaunguza ukosi wa shati la mgeni. Dada angekufukuza barazani na chaki zako. Halafu angesimulia kisa hicho mwaka mzima.

Hongera kwa ua. Sasa usiliabudu. Likinyauka litoe, pamoja na kile kipunje kinachobaki nyuma yake, la sivyo mmea utashughulikia mbegu na kusahau kuchanua. Na matawi marefu yaliyokondeana, finya ncha zake kwa kucha. Utaona huruma, lakini finya tu. Ukifinya ncha moja hutokea mbili. Mama alitufundisha hivyo tukiwa wadogo, dada akifinya na mimi nikilia kwa niaba ya mmea.

Umesema ulikosa wa kumwambia. Mimi huku nimejaribu hereni mara tatu. Kila mara dada alinitumia kipande kwa mtu anayesafiri, kimefungwa pamba yenye maji, na kila mara joto lilikichukua. Chumba changu kiko chini ya bati. Hapa hakuna kivuli cha kumtosha mtu, seuze ua. Chungu bado kiko dirishani. Naweka humo vibanio vya nguo. Jioni nikitoka kazini napanda ngazi, nafungua mlango, nasema "nimerudi", na vibanio havijibu.

Barua zake za mwisho zote zilikuwa na habari moja tu, usingizi. Hajalala leo, hakulala jana, maumivu yanamkeshesha, daktari kabadilisha dawa. Nilikuwa nafungua bahasha nikitafuta neno moja: amelala. Sikuwahi kulipata kwa mkono wake.

Baridi ya huko inakaribia, na hereni zina tabia zake za baridi ambazo lazima nikueleze vizuri. Barua ijayo. Sasa kengele imelia.

Shemeji yako.


29 Juni

Shemeji,

Nasubiri barua ijayo tangu Mei. Haikuja.

Zimekufa. Naandika hivi bila salamu kwa sababu salamu zimeniishia. Baridi ilipoanza majani yalidondoka, nikasema pengine ni kiu. Nilipima, nikaongeza maji. Yakadondoka zaidi. Sasa zimebaki vijiti. Nimekaa na mizani yangu nikipima vijiti, mtu mzima mimi. Jirani mpishi amekuja akatazama akasema, baba, hizi zimekwisha, zitoe kabla hazijaleta wadudu, vyungu vitafaa kwa vitunguu. Hakusema kwa ubaya.

Nimezitoa zote nje kwenye lango, siku ya takataka wazichukue. Sikuzikata. Sikuweza.

Na sasa navunja ahadi yangu, kwa kuwa sina tena cha kulinda. Dada yako alikungoja. Siku za mwisho kila gari likisimama nje aligeuza kichwa. Halafu anaondoka, nakupa habari, unasema "afadhali". Nimeligeuza neno hilo miezi yote hii kama jiwe la mizani lililopungua, nikijaribu kuona lilipokatwa. Hereni zilikuwa kisingizio, shemeji. Nilikuandikia ili niwe na mtu aliyemjua. Kama hukumpenda, sema, tuache kusumbuana kwa barua.


11 Julai

Shemeji wangu,

Usizitupe. Kama barua hii inakukuta zingali langoni, iache hapa katikati, toka nje uzirudishe ndani, halafu urudi uendelee kusoma.

Hazijafa, zimelala. Kosa ni langu. Homa ilinilaza mwezi wa Juni, nikaandika barua kichwani tu, nikaamini nimeituma. Sikiliza: hereni zikipata baridi huangusha majani yote na kubaki vijiti, na mtu asiyezijua atasema zimekwisha. Mama hakuturuhusu kusema hivyo. Alisema zimelala. Tukaliishi neno hilo, dada na mimi. Kila mwaka akiniandikia kipindi cha baridi alimaliza kwa kusema "hereni zimelala", nami nikijua mambo ni mema, zinapumzika, tutaziona tena. Katika nyumba yetu hapakuwa na neno zuri kuliko hilo.

Ziweke chumba chenye ubaridi lakini pasipo umande wa kuganda, kile chumba cha stoo kinatosha. Mwanga si lazima. Maji ni tone tone, udongo usikauke kabisa basi. Ukitaka kujua kama ingali hai, kwaruza gome la kijiti kwa ukucha, kidogo tu. Chini yake ukiona kijani, iko hai. Halafu uiache. Usiipime, usiiamshe.

Nilimpenda. Hilo nakujibu. Mengine usiniulize, si kwa faida yangu.

Shemeji yako.


30 Julai

Shemeji,

Barua yako ilichelewa, lakini gari la takataka nalo lilichelewa, kwa mara ya kwanza namshukuru Mungu kwa uzembe wa watu. Nilitoka na ndala. Zilikuwepo zote isipokuwa moja, ambayo jirani alikuwa amekwisha kuing'oa apande kitunguu. Aliponiona nikikwaruza vijiti kwa kucha pale barabarani alikuja akanisaidia kubeba.

Ni kijani, shemeji. Kwaruzo baada ya kwaruzo, kijani kibichi kabisa. Nilikaa kwenye sakafu ya stoo katikati ya vyungu nikasoma barua yako mara ya pili, taratibu. Nilipofika pale uliposema katika nyumba yenu hapakuwa na neno zuri kuliko hilo, nilirudi nyuma nikalisoma tena.

Kwetu sisi ni vingine. Baba yangu hakuwahi kutamka "amekufa" juu ya mtu wake. Alisema neno hilo ni la kuku na mbuzi. Bibi alipoondoka alituita watoto akasema bibi amelala, na sote tukaanza kulia, hata mdogo kabisa, maana kwetu ndivyo linavyosemwa na halina maana nyingine. Ndivyo nilivyokuandikia. Nilipiga simu yako ikaita bila kujibiwa, nikajua uko kwenye chumba cha pasi na simu mmezifungia kabatini. Nikaandika maneno matatu, kwa heshima yote niliyokuwa nayo: "Dada yako amelala."

Na wewe ulikuwa ukilingoja neno hilo katika kila barua yake.

Ulidhani amepata usingizi. Sivyo? Ndiyo maana ukasema afadhali. Ndiyo maana ukasema msimwamshe. Niambie kwamba nimekosea, shemeji. Nitafurahi nikiwa nimekosea.


18 Agosti

Shemeji Mizani,

Salamu nyingi. Homa imekwisha, nimerudi kwenye mashuka. Mpe shangazi pole ya meno na mpishi wa shule pole ya kitunguu.

Hukukosea. Nilikuwa nimeamua usijue mpaka mmoja wetu aingie kaburini. Ungelijua ungelibeba, na mzigo ulio nao unakutosha. Nikaona heri unione mimi mwenye roho ngumu. Roho ngumu ya mtu wa mbali haimuumi mtu sana. Kumbe ilikuuma. Nisamehe kwa hilo, mimi na wewe tumefichana kwa upendo mpaka tukaumizana.

Kwa kuwa umeshajua, nakueleza lililobaki, halafu tulifunge. Niliisoma simu pale ukumbini baada ya zamu. Niliruka, shemeji. Niliwaambia wenzangu wote, dada amelala, dada amelala leo, na mmoja akanikumbatia. Nikakujibu haraka usije ukamwamsha kwa maneno yako mengi. Nikazima simu, nisije nikashawishika kupiga nikamgutusha. Kisha nikaenda nyumbani, na mimi nikalala, usingizi mzito kama wa mtoto. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, kwamba nililala vizuri. Siku ya tatu shangazi akanipata kwa simu ya hoteli, akaniuliza kwa ukali mbona mmeshazika na mimi sionekani. Nikasema tumezika nani. Baadaye nikamwapisha asikwambie.

Pengine utauliza kwa nini sikuja hata baadaye. Sijui kama utanielewa. Wewe uliniandikia amelala. Shangazi alisema mmeshazika. Wenzangu walisema ametutoka, ametangulia, amepumzika. Hakuna hata mmoja aliyenipa neno lenyewe. Na mimi kwa ujinga wangu nimelishika lile la kwako, kwamba amelala, kama hereni, na baridi ikipita atatoka. Kila nikitaka kukata tiketi nauambia moyo, utamwamsha.

Sina hasira nawe. Ulitumia neno zuri, na mimi nililipokea kama neno zuri.

Baridi ya huko inaelekea mwisho. Chungulia stoo. Hereni zikiamka, niandikie.

Shemeji yako.


21 Septemba

Shemeji,

Salamu. Shangazi mzima, jirani mzima, goti limekubali kupanda ngazi. Barua yako nimeisoma na kuiweka chini ya jiwe la kilo, isipeperuke.

Uliniambia nikuandikie zikiamka, na karatasi hii imekaa mbele yangu muda, maana siku hizi naogopa maneno mafupi. Safari hii nitapima kila neno mbele yako, uone mwenyewe sahani inalala upande gani.

Zimeamka. Maana yangu ni hii: fuksia ya dirisha la jikoni, ile nyekundu na zambarau, imechipua, vichipukizi viwili viwili, vidogo kama punje za mchele. Za kwenye vikapu zimechipua. Nilizitoa stoo, nikazipa maji ya uvuguvugu, nikapogoa vijiti vikavu juu ya vichipukizi. Sikutumia mizani. Nilinyanyua kwa mkono.

Moja haikuamka. Nilikwaruza juu, nikakwaruza katikati, nikakwaruza mpaka shinani, na kote ni kahawia. Nilibaki nimeishika. Nilitaka kusema imelala, kwa heshima, kama baba alivyotufundisha. Lakini ningekuwa naidanganya, na kuzidanganya zile zilizolala kweli. Kwa hiyo nilisema kwa sauti, pale barazani peke yangu, hii imekufa. Nimelikwepa neno hilo maisha yangu yote nikidhani litanivunja. Halikunivunja. Nililia, kisha nikaing'oa, nikaosha chungu.

Ndipo nikajua deni langu kwako ni lipi. Habari ya Februari haijakufikia mpaka leo. Ilipotea njiani, na aliyeipoteza ni mimi. Nakuandikia upya. Ichukue kana kwamba inakufikia leo hii, uiambie hoteli umefiwa leo, na usafiri kama mtu aliyeitwa leo. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Kikombe nimekitoa mezani nikakiosha, kiko tayari kwa mtu wa kukinywea.

Dada yako amekufa, shemeji. Njoo tumlilie.